Mtumishi akifukuzwa kazi: Hukumu za mahakama zilivyobadili mlango wa kugonga

BARUA ya kumfukuza kazi mtumishi wa umma aghalabu haizidi ukurasa mmoja. Hutaja kosa, hutaja kanuni iliyotumika, na mwishoni hubeba sahihi ya mkurugenzi, katibu tawala au katibu mkuu. Nyuma ya ukurasa huo kuna mshahara unaokatika, karo za watoto, mkopo wa benki ambao marejesho yake yalikuwa yakikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na miaka ya utumishi ambayo mhusika hajui tena itahesabiwa vipi.

Swali la kwanza ambalo mtumishi huyo hujiuliza ni kama ametendewa haki. Swali la pili, ambalo wengi hawalipi uzito unaostahili, ni wapi apeleke malalamiko yake. Kwa miaka mingi swali hilo la pili halikuwa na jibu moja. Wapo waliokwenda kwenye vyombo vya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wapo waliokata rufaa ndani ya Serikali, na wapo waliokimbilia moja kwa moja Mahakama Kuu.

Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu iliyofunga mlango mmojawapo. Tangu hapo, mtumishi anayegonga mlango usio wake anaweza kushinda kila hatua, akatumia miaka na fedha, na mwisho akaambiwa kuwa ushindi wake haukuwa na nguvu yoyote kisheria. Makala haya yanaeleza jinsi hali ilivyofikia hapo, na jinsi hukumu za mahakama kwa jumla zinavyobadili namna watumishi wa Serikali wanavyosimamiwa. Maelezo yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya utumishi wa umma ya mwaka 2011.

Urithi wa enzi za Malkia

Ili kuelewa nafasi ya mahakama katika suala hili, ni vema kurudi nyuma kidogo. Utaratibu wa utumishi serikalini ulirithiwa kutoka kwa Waingereza. Kwao, mtumishi wa Serikali alikuwa mtumishi wa Malkia au Mfalme, naye alishika nafasi yake kwa muda wote ambao mtawala alipenda awepo. Mtawala akibadili nia, mtumishi aliondoka, na mahakama hazikuwa na nafasi kubwa ya kuhoji.

Baada ya Uhuru mamlaka hayo yaliingia katika Katiba kwa sura mpya. Ibara ya 36 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi, na inaeleza wenye mamlaka ya kuteua, kupandisha vyeo na kuchukua hatua za nidhamu. Sheria nazo zilimruhusu Rais kumstaafisha mtumishi kwa manufaa ya umma.

Maneno hayo, "kwa manufaa ya umma", yalikuwa mazito kwa mtumishi yeyote. Aliyeyasoma kwenye barua yake hakuambiwa alikosa nini, na bila kujua kosa, hakuwa na la kujitetea. 

Katika shauri lililoamuliwa na Mahakama Kuu mjini Dodoma na kuchapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1994, mtumishi aliyestaafishwa kwa namna hiyo alikwenda mahakamani kupinga. Jaji James Mwalusanya alisema kuwa hata uamuzi wa aina hiyo lazima uambatane na sababu. Ikiwa sababu hazikutajwa, mahakama haina njia ya kujua kama mamlaka yalitumika ipasavyo, na mtumishi hana njia ya kujua akate rufaa dhidi ya nini.

Hukumu hiyo haikumnyang'anya Rais mamlaka yake. Ilichofanya ni kusema kwamba mamlaka yana masharti, na kwamba sharti mojawapo ni kutoa maelezo. Kwa maofisa utumishi waliokuwa wakiandaa barua hizo, somo lilikuwa dhahiri kwamba jalada la mtumishi lazima liwe na sababu zinazoweza kusomwa mbele ya jaji.

Sheria mbili, milango miwili

Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 8 ya mwaka huo, iliyochukua nafasi ya sheria ya utumishi serikalini ya mwaka 1989. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2003. Sheria hiyo iligawa mamlaka ya nidhamu kwa waajiri mbalimbali, wakiwamo makatibu wakuu wa wizara, makatibu tawala wa mikoa, wakuu wa idara zinazojitegemea na wakurugenzi wa halmashauri. Pia iliunda Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kusikiliza rufaa za watumishi wasioridhika na maamuzi ya mamlaka zao za nidhamu.

Ngazi zake ni rahisi kuzieleza. Mtumishi aliyeadhibiwa na mkurugenzi wa halmashauri, kwa mfano, hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Asiporidhika na uamuzi wa Tume, hukata rufaa kwa Rais, na kwa mujibu wa sheria hiyo uamuzi wa Rais ni wa mwisho. Walimu wana chombo chao, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Watumishi wa Mahakama na askari wa polisi, magereza, zimamoto na uhamiaji nao wana vyombo vyao.

Miaka miwili baada ya sheria ya 2002, Bunge lilitunga sheria nyingine mbili kubwa, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zote za mwaka 2004. Hizi zilileta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kwa kifupi chake cha CMA, na Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitamka kuwa inawahusu waajiriwa wote Tanzania Bara, wakiwamo walio katika utumishi wa umma. Waliotajwa kuwa nje yake ni wanajeshi wa Jeshi la Wananchi, askari polisi, askari magereza na walio katika Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo karani wa halmashauri au mhasibu wa shirika la umma aliyeisoma sheria hiyo aliona wazi kwamba naye anahusika.

Mtumishi akawa na milango miwili mbele yake. Mmoja ulielekea Tume ya Utumishi wa Umma na kisha kwa Rais. Mwingine ulielekea CMA na kisha Divisheni ya Kazi.

Wengi walivutiwa na mlango wa CMA, na sababu zao zilieleweka. CMA ina ofisi mikoani. Mlalamikaji hukutana na mwajiri wake ana kwa ana mbele ya msuluhishi, na usuluhishi ukishindikana, mwamuzi husikiliza ushahidi. Zaidi ya hayo, sheria ya 2004 ilivyotungwa iliruhusu aliyeachishwa kazi isivyo halali arudishwe kazini au alipwe fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa mtu ambaye hana tena kipato, ahadi ya mishahara ya mwaka mzima si jambo la kupuuzwa.

Waajiri wa umma nao walijikuta katika hali ngumu. Mkurugenzi aliyefuata Kanuni za Utumishi wa Umma hatua kwa hatua aliweza kuitwa CMA na kuulizwa kwa nini hakufuata taratibu za sheria ya kazi ya 2004. Taratibu hizo mbili zinafanana kwa mengi, lakini haziko sawa katika fomu, muda na vikao.

Marekebisho ya 2016 na hukumu ya 2022

Mwaka 2016 Bunge lilijaribu kuondoa mkanganyiko huo. Kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3 ya mwaka huo, Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu kipya, ambacho wakati huo kilipewa namba 32A. Kifungu hicho kilimtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za kutafuta haki zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla hajatafuta nafuu zilizomo katika sheria za kazi.

Maneno ya kifungu hicho yalikuwa machache, lakini yalifungua mjadala mpya. Je, mtumishi wa umma ni nani? Mwalimu na muuguzi wa hospitali ya wilaya hawana shaka. Lakini vipi kuhusu mfanyakazi wa shirika la umma lenye bodi yake, kanuni zake na mishahara yake? Wengi wa wafanyakazi wa mashirika waliamini kifungu hicho hakiwagusi, nao wakaendelea kwenda CMA kama zamani.

Jibu lilipatikana mwaka 2022, Mahakama ya Rufani ilipoketi Mtwara kusikiliza rufaa ya Shirika la Posta Tanzania dhidi ya aliyekuwa mfanyakazi wake. Shauri hilo lilianzia CMA, likapanda hadi Mahakama Kuu, kisha likafika Rufani. Pale juu majaji hawakuanza kwa kuuliza kama mfanyakazi alitenda kosa aliloshitakiwa. Swali lao lilikuwa la msingi zaidi, nalo ni kama CMA ilikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo tangu mwanzo.

Mahakama iliona kuwa Shirika la Posta ni taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria, na kwamba mfanyakazi wake ni mtumishi wa umma. Kwa kuwa ni mtumishi wa umma, alipaswa kufuata ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma. CMA haikuwa na mamlaka. Na kama CMA haikuwa na mamlaka, basi yote yaliyojengwa juu ya uamuzi wake hayakuwa na msingi. Mwenendo na maamuzi ya CMA na ya Mahakama Kuu yalifutwa.

Kwa asiye mwanasheria, huenda uamuzi huo ukaonekana kuwa wa kiufundi tu. Lakini hukumu ya Mahakama ya Rufani huzibana mahakama zote za chini na vyombo vyote vya uamuzi. Baada ya hukumu hiyo, mashauri mengine ya watumishi wa umma yaliyokuwa yamepitia CMA yalifutwa kwa msingi huo huo. Baadhi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kwa faida ya mtumishi.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Suala la mamlaka ya chombo kusikiliza shauri linaweza kuibuliwa wakati wowote, hata katika hatua ya mwisho ya rufaa, na hata na majaji wenyewe. Mtumishi aliyetumia miaka mitano kupigania haki yake mahali pasipostahili hurudi pale alipoanzia. Kosa alilotuhumiwa halijaamuliwa kuwa kweli wala uongo, mshahara umekatika muda wote huo, na muda wa kukata rufaa kwenye mlango sahihi umekwisha kupita.

Saa inayokimbia kimya kimya

Muda ndio adui mkubwa wa mtumishi aliyefukuzwa. Rufaa kwenda Tume ya Utumishi wa Umma hukatwa ndani ya siku 45 tangu mhusika apokee uamuzi. Kwa upande wa CMA, kanuni za mwaka 2007 ziliweka siku 30 kwa migogoro ya kuachishwa kazi. Mtumishi aliyekwenda CMA siku ya 20 alidhani yumo ndani ya muda, na kweli alikuwa ndani ya muda wa CMA. Lakini wakati anasubiri tarehe ya usuluhishi, siku 45 za mlango wa pili zilikuwa zikihesabika bila yeye kujua.

Aliyechelewa anaweza kuomba rufaa yake ipokelewe nje ya muda, na akitoa sababu za kuridhisha anaweza kukubaliwa. Hata hivyo, hilo ni ombi, si haki ya moja kwa moja. Anayeamua ni chombo cha rufaa.

Baada ya ngazi za ndani ya Serikali kumalizika, mahakama bado ina nafasi. Neno "mwisho" katika sheria halimaanishi kwamba mahakama imefungiwa nje kabisa. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inaitaja Mahakama kuwa ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Njia inayotumika ni mapitio ya mahakama, ambapo Mahakama Kuu huombwa ichunguze jinsi uamuzi wa mamlaka ya umma ulivyofikiwa.

Mapitio hayo nayo yana saa yake. Mhusika lazima kwanza aombe kibali cha mahakama, na ombi hilo hupelekwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Akipewa kibali, kanuni za mwaka 2014 zinamtaka afungue maombi yenyewe ndani ya siku 14. Waliokosa haki yao kwa kuchelewa siku chache si hadithi ngeni katika masijala za mahakama.

Mahakama inaangalia nini?

Watu wengi hudhani kuwa jaji anayefanya mapitio ataamua kama mtumishi aliiba au hakuiba, alilewa kazini au hakulewa. Sivyo. Katika mapitio, jaji huangalia njia iliyotumika kufikia uamuzi. Je, aliyeamua alikuwa na mamlaka? Je, mtumishi alipewa hati ya mashtaka inayoeleza kosa kwa namna inayoeleweka? Je, alipewa nafasi ya kujibu na kujitetea? Je, kamati ya uchunguzi ilimsikiliza, au ilikaa bila yeye kuwapo? Je, aliyemtuhumu ndiye huyo huyo aliyemhukumu?

Msingi wa maswali hayo ni haki ya kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema kuwa haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa, mtu huyo atakuwa na haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, lililochapishwa katika Ripoti za Sheria za mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa haki hiyo si kanuni ya desturi za sheria pekee, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Shauri lile halikuhusu ajira, lakini maneno yake yamekuwa yakirudiwa katika mashauri ya ajira tangu hapo.

Matokeo yake kwa utawala ni makubwa. Uamuzi uliofikiwa bila mhusika kusikilizwa hubatilishwa hata kama ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito kiasi gani. Mkurugenzi anaweza kuwa na hakika kabisa kwamba mtunza fedha wake amekula makusanyo ya soko, na huenda hakika hiyo ikawa ya kweli. Lakini akimfukuza kwa barua bila hati ya mashtaka, kosa linalojadiliwa mahakamani si tena la mtunza fedha. Ni la mkurugenzi.

Hukumu inapofika mezani kwa mwajiri

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke. Ofisa ugavi wa halmashauri moja amefukuzwa kazi. Anakata rufaa Tume, anashindwa. Anakata kwa Rais, anashindwa tena. Anakwenda Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, na mahakama inabatilisha maamuzi yote kwa sababu hakupewa nafasi ya kujitetea.

Nini kinafuata? Kwanza, kufukuzwa kwake kunahesabiwa kana kwamba hakukuwapo. Kwa hiyo yeye bado ni mtumishi, na suala la mishahara ya kipindi chote hicho linaibuka papo hapo. Pili, nafasi yake huenda imekwisha kujazwa na mtu mwingine aliyeajiriwa kihalali. Halmashauri inakuwa na maofisa wawili katika nafasi moja ya ikama, huku bajeti ikiwa imepitishwa kwa mmoja. Tatu, jina lake lilikwisha kuondolewa kwenye mfumo wa mishahara, na kulirejesha kunahitaji idhini za ngazi za juu.

Nne, na hili ndilo wengi hawalitarajii, ushindi huo si lazima uwe mwisho wa safari. Kubatilisha uamuzi kwa kasoro za utaratibu hakumzuii mwajiri kuanza upya na kufuata utaratibu sahihi. Tume ya Utumishi wa Umma nayo huweza kuikubali rufaa kwa masharti kwamba shauri la nidhamu lianze upya. Ofisa wetu anaweza kurudi ofisini Jumatatu na kukabidhiwa hati mpya ya mashtaka Ijumaa.

Upo pia ukweli wa umri. Umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60. Aliyefukuzwa akiwa na miaka 53, shauri lake likachukua miaka minane katika ngazi zote, hana tena kazi ya kurudia. Kinachobaki kwake ni hesabu za malipo na mafao. Kwa mtu huyo, hukumu nzuri iliyochelewa ni pungufu ya hukumu.

Malipo yenyewe nayo yana utaratibu wake. Anayemdai mtu binafsi akishinda anaweza kumtuma dalali wa mahakama akamate gari au nyumba. Mali za Serikali Kuu hazikamatwi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka mshindi apate hati ya mahakama inayoonyesha kiasi anachodai, kisha hati hiyo iwasilishwe kwa mamlaka husika ili malipo yafanyike. Hapo mtumishi huanza safari nyingine, safari ya kusubiri fungu.

Akiachiwa kwenye kesi ya jinai

Hukumu nyingine inayozua maswali katika ofisi za umma ni ya kesi ya jinai. Mtumishi anashitakiwa kwa rushwa au wizi, anasimamishwa kazi na kupata nusu mshahara, na baada ya miaka kadhaa mahakama inamwachia huru. Je, arudishwe kazini siku hiyo hiyo?

Kanuni za Utumishi wa Umma za 2003, zilizotumika hadi zilipotolewa mpya mwaka 2022, ziliweka msingi unaofaa kueleweka. Mtumishi aliyeachiwa na mahakama hakupaswa kuadhibiwa kinidhamu kwa kosa lile lile aliloachiwa. Hata hivyo, mwajiri hakuzuiwa kumshitaki kinidhamu kwa kosa tofauti lililotokana na tukio hilo, mradi lisiwe kosa lile lile lililovalishwa jina jipya.

Mantiki yake ni kwamba mahakama ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka, kwa kuwa inaweza kumpeleka mtu gerezani. Mtunza stoo anaweza kuachiwa kwa kosa la wizi kwa sababu haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyechukua mali. Lakini kama aliacha ufunguo wa stoo kwa mtu asiyehusika, huo ni uzembe, na uzembe ni suala la nidhamu hata kama si wizi.

Kwa hiyo mwajiri anayempokea mtumishi aliyeachiwa anatakiwa kuisoma hukumu yote, si mstari wa mwisho tu. Naye mtumishi anayeshangilia nje ya mahakama anatakiwa kujua kwamba huenda jalada lake la nidhamu bado liko wazi.

Nani anabeba mzigo?

Ipo hoja kwamba utaratibu wa sasa umempunguzia mtumishi wa umma haki aliyokuwa nayo. Wenye hoja hiyo wanasema kuwa mfanyakazi wa kiwanda anapata kusikilizwa na mwamuzi asiye chini ya mwajiri wake, wakati mtumishi wa umma anakata rufaa kutoka chombo kimoja cha dola kwenda kingine, na akifika mahakamani anaruhusiwa kuhoji utaratibu tu, si ukweli wa tuhuma.

Upande wa pili unasema kuwa utumishi wa umma unahitaji nidhamu ya aina moja, kanuni za aina moja na chombo kimoja kinachojua kanuni hizo. Unasema pia kuwa mtumishi asiyeridhika na mkurugenzi wake anapata ngazi mbili za rufaa bila kulipia ada za mawakili, na kwamba Tume ina uwezo wa kuupitia ushahidi wote, jambo ambalo jaji wa mapitio hafanyi.

Hoja zote mbili zina uzito. Lakini wakati mjadala ukiendelea, sheria iliyopo ndiyo inayotumika, na gharama ya kutoijua huangukia pande zote. Mtumishi hupoteza miaka. Mwajiri hulipa mishahara ya mtu ambaye hakufanya kazi. Mwananchi, ambaye hakuwa kwenye kikao chochote, ndiye anayelipa kupitia kodi yake, na ndiye anayekuta dirisha la huduma halina mtu.

Ndiyo maana hukumu hizi hazipaswi kubaki mikononi mwa mawakili peke yao. Ofisa utumishi anayeandaa hati ya mashtaka anapaswa kujua kwamba siku moja inaweza kusomwa na jaji. Kamati ya uchunguzi inapaswa kujua kwamba muhtasari wa kikao chake ni ushahidi. Chama cha wafanyakazi kinapaswa kumweleza mwanachama wake, tangu siku ya kwanza, njia anayopaswa kufuata.

Kwa mtumishi mwenyewe, mambo ya kukumbuka ni machache. Aandike tarehe aliyopokea barua, kwa kuwa muda huhesabiwa kuanzia hapo. Atunze nakala ya hati ya mashtaka, utetezi wake na kila barua iliyomfikia. Aulize mapema kama taasisi yake ni ya umma na chombo chake cha rufaa ni kipi. Na asisubiri kwa matumaini kwamba mambo yatatulia yenyewe. Barua ile ya ukurasa mmoja inampa siku 45, na siku ya kwanza ni ile ile aliyoisaini.